Wali wa Khamphet

Kama kuna jambo lililokuwa likimchefua Mama Ounheuan kuliko yote, ni mtu mzima, pengine baba wa watoto wake, kulala kifudifudi juu ya lami alfajiri ili apige picha nyayo za watawa. Nyayo! Mtu amepanda ndege, amemaliza akiba yake, amefika Luang Prabang huku Laos, na kitu alichokiona cha maana ni visigino vya watoto wa watu wanaopita kimya kupokea wali. "Kwao hakuna miguu?" alikuwa akiuliza, na wala hakungoja jibu.

Na angekuwa huyo peke yake ingekuwa nafuu. Kulikuwa na yule mama aliyempigapiga mtawa kijana begani kama anayempongeza kwa kufaulu mtihani, wakati hata mtoto mdogo wa kike pale mtaani anajua kwamba mtawa haguswi na mwanamke. Kulikuwa na bwana mmoja aliyetumbukiza soksi mpya ndani ya bakuli la sadaka, juu ya wali, akasimama kando kujipongeza. Kulikuwa na vijana waliokuja moja kwa moja kutoka kwenye pombe, wakapiga magoti wananuka, mmoja akasinzia na kuangukia kikapu cha mwenzake. Mama Ounheuan aliwaona wote, kwa sababu na yeye alikuwa akipiga magoti palepale, chini ya ukuta wa hekalu la mtaa wao, tangu alipoolewa. Mkeka wake, kikapu chake cha mianzi chenye mfuniko, mtandio umepita juu ya bega la kushoto, mdomo umefungwa. Kwake yeye, kufunga mdomo ndiyo ilikuwa sadaka kubwa kuliko wali.

Maana mdomo alikuwa nao. Soko zima la asubuhi lilimjua. Alikuwa muuza chachandu, ile ya pilipili iliyopondwa na ngozi ya nyati, na mwani wa mtoni uliokaushwa na kunyunyiziwa ufuta, na hapakuwa na mteja aliyebonyezabonyeza bidhaa zake bila kununua akaondoka na heshima yake. Mtu mmoja tu hakuwahi kumwogopa, naye ni Khamphet, mumewe, fundi baiskeli. Mkewe akifoka, Khamphet hucheka. Akizidi kufoka, Khamphet humuuliza kama kuna wali uliobaki.

Alikuwa mlaji yule bwana! Tena hakupenda wali mweupe mtupu kama watu wengine. Alitaka wali wa kunata uliochanganywa na gao la mchele mweusi, ulowekwe usiku kucha, upikwe kwa mvuke mpaka uwe wa zambarau na kunukia hadi kwa jirani. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyepika hivyo, kwa sababu mchele ule unachelewa kuiva na unaharibu vitambaa. Mama Ounheuan alilalamika kila asubuhi ya ndoa yake, na kila asubuhi aliupika.

Kisha koo la Khamphet likaugua. Wakampeleka hospitali kubwa ya Vientiane, wakamtia mpira puani, wakawa wanamlisha uji kwa mpira huo. Kila siku alikuwa akimwangalia mkewe na kumwomba kwa sauti ambayo karibu haikusikika: kitonge kimoja tu cha wali, hata kidogo kama punje ya maharage. Madaktari walikataa. Na Mama Ounheuan akawatii. Yeye, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumtii mtu, siku zile akatii, akakaa pale kitandani amekunja mikono. Khamphet akafa hajauonja wali.

Basi hilo ndilo lililomkaa rohoni likakataa kutoka. Na kwa kuwa kwao kila mtu anajua kwamba chakula kikiingia kwenye bakuli la mtawa kwa jina la marehemu, marehemu hukipata, tangu wiki ya mazishi Mama Ounheuan alikuwa akipika ule wali wa zambarau, anapiga magoti, anakata kitonge cha kwanza, anakiinua mpaka kwenye paji la uso, anasema moyoni, "Hiki cha Khamphet," na kukitia bakulini. Watawa wakishapita, anamimina maji taratibu juu ya ardhi na kutaja jina lake. Sasa amekula, anajiambia. Kisha anajitwisha mizigo yake na kwenda sokoni kugombana na watu.

Karaha ya maisha yake ilikuwa ni Vilayphone. Huyu ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo mwenye meno ya dhahabu na simu mbili. Vilayphone ndiye aliyegundua kwamba wageni wanataka kutoa sadaka lakini hawajui kupika, hawajui kukaa chini, na hawajui kuvaa. Akawatafutia yote matatu. Akapanga viti vifupi vya plastiki mstari mzima, akawa anawakodisha mitandio, na kuwauzia vikapu vya wali alioupika lini anajua yeye. Juu ya mlango akatundika bango linalowaka taa: TOA SADAKA KAMA MWENYEJI.

"Wenyeji gani hao wanaokaa kwenye viti?" Mama Ounheuan alimuuliza asubuhi moja, watawa wakiwa bado hawajatoka.

"Dada, magoti yao yanauma. Wana uzito," alijibu Vilayphone huku akimfunga mtandio mzungu mmoja begani, bega lenyewe la kulia.

"Bega la kushoto, Vilayphone! Hata bega hulijui siku hizi?"

"Kwenye picha linaonekana la kushoto."

"Na huo wali? Umeupika lini huo? Mbona umekauka kama udongo?"

"Wewe dada, watawa hawalalamiki, unalalamika wewe?"

"Watawa hawalalamiki kwa sababu wamekatazwa kulalamika. Mimi sijakatazwa."

Mzungu mwenye mtandio akadhani anasalimiwa, akaunganisha viganja na kumwinamia Mama Ounheuan kwa adabu kubwa mpaka kofia ikamdondoka. Mama Ounheuan alimtazama kuanzia juu mpaka chini, akageuza uso.

Sokoni mambo hayakuwa bora. Wageni wakimaliza kuwapiga picha watawa walikuwa wanahamia kwenye soko la asubuhi, kwenye ule uchochoro kando ya hekalu, kupiga picha vyura. Wanaminyana pale, wanaziba njia, wanashangaa panya wa porini waliokaushwa, wanashangaa mayai ya sisimizi, wanashangaa damu ya bata iliyoganda. Wanashika pua. Halafu wanauliza bei ya kitu wasichokijua ni nini, wakiambiwa wanacheka na kuondoka. Kila kikundi kina kiongozi wake mwenye kibendera, na kila kiongozi anasema maneno yaleyale, kiasi kwamba Mama Ounheuan, ambaye hajui Kiingereza, alikuwa ameshayakariri kama kasuku.

Asubuhi moja katika mvua za mwisho, Mzee Phomma alipita sokoni na mkokoteni wake kama kawaida. Huyu anafuga nguruwe ng'ambo ya mto mdogo, na huwa anazunguka kwa wauza mboga kuokota majani yaliyooza. Siku hiyo alisimama mbele ya meza ya Mama Ounheuan kupangusa jasho. Juu ya mkokoteni alikuwa na ndoo kubwa imejaa wali wa kunata. Mama Ounheuan aliitupia jicho tu, kama mtu anavyotupia jicho ndoo ya mtu mwingine. Kisha akasimama.

Katikati ya ule wali mweupe, uliogandamana na karatasi za peremende na kipande cha keki, kulikuwa na vitonge vya zambarau.

"Phomma. Huo wali umeutoa wapi?"

"Hekaluni. Wananipa kila siku." Mzee Phomma alitabasamu. "Nguruwe wangu mwaka huu hata hawatembei kwa unono. Wanakula sadaka hao, wana thawabu kunizidi mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Mvua na jua. Hasa hivi vya zambarau, yule dume wangu anavichagua kwanza. Anavijua!"

Mama Ounheuan alitia mkono ndooni. Akatoa kitonge, akakipasua kwa kidole. Vilikuwa vyake, hakuna wa kumdanganya. Alijua hata alivyoviminya. Akakirudisha polepole. Mwuza vyura wa jirani, Nang Keota, akamuuliza kulikoni. Mama Ounheuan alimwachia meza aiangalie, akavua aproni, akaenda hekaluni hivyohivyo na mikono inayonuka pilipili.

Mkuu wa watawa, ambaye watu wote humwita Sathu, alikuwa barazani akisoma kitu kwenye simu. Mama Ounheuan aliinama mara tatu, akakaa chini na kukunja miguu upande.

"Sathu, nimekuja na swali moja. Wali wangu unaliwa na nani?"

Sathu aliiweka simu kando. Hakuwa mzee sana, na hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Nisikufiche, mama. Wali wa barabarani hatuuli tena. Vijana wetu waliugua matumbo, wakatapika wote bweni zima. Wakapona, wakaugua tena. Ule wali wa vikapuni kwa wageni umekwisha kulala siku mbili. Sasa tunaupokea, maana mtu akikutolea sadaka huwezi kumfungia bakuli, halafu tunampa Mzee Phomma. Sisi tunakula kinachopikwa jikoni."

"Na wangu?"

"Kwenye bakuli vyote vinachanganyika, mama. Nitautenga vipi?"

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka juzi."

Khamphet alikufa mwaka jana. Mama Ounheuan alipiga hesabu hiyo kimya, na haikuwa hesabu ndefu. Hapakuwa na kitonge hata kimoja kilichomfikia. Mwaka mzima alikuwa akiamka gizani, analoweka, anapika, anapiga magoti kati ya watu wanaonuka dawa ya mbu, anainua wali kwenye paji la uso, kumbe anamlisha dume la Phomma.

"Usisikitike," Sathu alisema. "Thawabu haikupotea. Ukishatoa kwa moyo safi, imeshafika."

Moyo safi! Mama Ounheuan alijua vizuri hali ya moyo wake asubuhi pale barabarani, akiwa katikati ya vile viti. Lakini si hilo lililomuuma.

"Sathu, unisamehe," alisema. "Mume wangu hakuniomba thawabu. Aliniomba wali."

Sathu aligeuka kutazama jikoni. Kuku walipita uani, mtawa mmoja kijana akapita na ufagio. Sathu akasema, "Kesho usikae barabarani. Watawa wakisharudi, ulete jikoni. Nitaula mimi mwenyewe, mbele yako, kwa jina lake."

Mama Ounheuan akainama tena mara tatu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijisemesha. Apite jikoni! Yeye, aliyepiga magoti kwenye ule ukuta kabla Vilayphone hajaota hata hayo meno ya kwanza, leo aingie kwa mlango wa jikoni kama mleta kabichi! Na mwenye kustahili kufukuzwa amekaa kwake anahesabu mitandio.

Alikuwa amekaa kwake kweli, mlangoni, anaanika wali uliobaki kwenye ungo.

"Unauanika uende wapi huo?" Mama Ounheuan alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mdogo wako nina watoto wanasoma. Siwezi kutupa chakula."

"Huutupi, unawauzia watu! Umewalisha watawa mabaki mpaka wakatapika! Wewe Vilayphone huogopi? Hata mchawi ana siku anapumzika!"

"Ala! Nani mchawi?" Vilayphone akasimama, ungo ukapinduka. Watu wakaanza kujitokeza madirishani. "Mimi nimemfukuza mtu? Wewe na wenzako mnaotaka sadaka muifanye nyinyi peke yenu, mbona watoto wako walioko Vientiane hawaji hata kukusaidia kubeba mkeka? Wanaopiga magoti pale siku hizi ni hao wageni wangu! Bila wao ule mtaa ungebaki wewe na mbwa!"

"Bora mbwa! Mbwa angalau hapigi picha!"

"Sema lingine! Unajifanya wali wako ni wa dhahabu. Kwani kuna aliyeula akakusifia?" Vilayphone alikuwa ameshapandwa, na mtu akipandwa hachagui. "Kwani Khamphet amekuja kukwambia ameshiba?"

Dirisha moja likafungwa. Hata Vilayphone mwenyewe alifumba mdomo na kuyafunika yale meno yake. Mama Ounheuan alimtazama, akatazama wali uliomwagika chini, akaingia ndani kwake na kufunga mlango taratibu kabisa. Alilia, tena si machozi ya kujifuta kwa ncha ya mtandio. Alilia akiwa amekaa sakafuni kando ya jiko. Alipomaliza alinawa uso na kuloweka mchele. Mchele mweusi ulikuwa umebaki gao moja tu kwenye mtungi, na mfanyabiashara wa milimani haleti mwingine mpaka mwezi uandame. Akalimimina lote. Kesho, alisema, huyu mtu atakula, hatangoja hata siku moja zaidi.

Asubuhi yake mkeka wa Mama Ounheuan haukuonekana chini ya ukuta, na mgeni mmoja akaweka begi lake la kamera palepale. Yeye alikwenda moja kwa moja sokoni. Alipanga chachandu yake, akapanga mwani, akaweka kikapu kidogo cha wali mweupe wa kuonjeshea, kwa sababu chachandu hailambwi tupu. Mteja humegewa kitonge, akachovya, akajua anachonunua. Nyuma ya hicho kikapu akaweka kile kingine, cha zambarau, amekizungushia kitambaa safi. Angoje watawa warudi, kisha akipeleke. Alikuwa amevaa sketi yake nzuri ya hariri, ile yenye pindo la kufumwa, na Nang Keota alimtania kama anakwenda kuposwa.

"Niangalizie meza dakika moja tu, domokaya wewe," alimwambia. "Nakwenda kutazama kama watawa wameshapita."

Akaenda mpaka mwisho wa uchochoro. Watawa walikuwa ndio kwanza wanapinda kona, na nyuma yao msururu wa simu zimeinuliwa juu. Akarudi.

Mbele ya meza yake alikuwa amesimama mzungu. Mrefu, mwembamba, shati limemning'inia kama limeanikwa, kofia ya majani anayouziwa mtu yeyote anayekubali kuuziwa kila kitu. Kando yake alikuwa Sisouk, kijana wa kutembeza wageni, anacheka na Nang Keota habari za vyura. Na yule mzungu, kwa kuwa kaambiwa kwamba kwenye meza hii watu huonja, alikuwa ameonja. Ila hakufungua kikapu cha mbele. Alikuwa amefungua cha nyuma. Kitambaa safi kilikuwa begani kwake, kama taulo ya kinyozi, na mkono wake wote ulikuwa ndani ya wali wa Khamphet.

Jamani! Sauti aliyoitoa Mama Ounheuan ilifika mpaka kwa wauza samaki.

"Toa mkono! Toa mkono, mjukuu wa nyani wewe! Sisouk! Sisouk, mwambie atoe mkono! Macho umeyaacha nyumbani? Mtu anakula sadaka ya wafu, wewe unachekea vyura?"

Sisouk aligeuka, akaona, akashika kichwa. "Mama yangu! Nisamehe mama, sikumwona!"

"Humwoni? Urefu wote huu humwoni?"

Mzungu alikuwa ameganda, shavu limetuna, vidole vitano vyote vimenatana. Sisouk alimweleza haraka haraka kwa lugha yao: hiki si cha kuuza, ni cha watawa, ni cha marehemu, mwenye kutoa haruhusiwi kuonja hata yeye mwenyewe. Uso wa mzungu ulibadilika rangi kuanzia shingoni. Akataka kuunganisha viganja aombe radhi, vikanatana, akashindwa kuviachanisha. Watu waliokuwa wamejaa pale wakaangua kicheko. Mama Ounheuan hakucheka.

"Ndiyo basi tena," Nang Keota alisema kwa sauti ya chini, akiutazama wali uliochimbwa shimo katikati. "Kimeshaonjwa. Hicho si cha Sathu tena, dada. Ni mabaki."

Hakuhitaji kuambiwa. Mchele mweusi umekwisha. Watawa wanaingia getini sasa hivi, Sathu anangoja jikoni, na yeye ana kikapu cha mabaki. Akakaa kwenye kigoda chake. Akili yake ilikuwa inaandaa tusi lingine, kubwa zaidi, la kumfukuza yule mtu mpaka uwanja wa ndege, lakini tusi halikuja. Alikuwa anamtazama.

Maana mzungu yule alikuwa hajameza. Alikuwa amesimama pale na aibu yake, haya zimemjaa, macho chini, lakini taya zilikuwa zinatafuna. Polepole. Anajizuia, na hawezi. Akameza, akalamba kidole kimoja kama mtoto anayedhani haonekani, akamnong'oneza Sisouk jambo.

"Anasemaje huyo mwizi?"

Sisouk alisita. "Anaomba radhi, mama. Anasema atalipa anachotakiwa."

"Hilo ndilo alilosema? Maneno yote hayo?"

"Anasema... usikasirike mama... anasema tangu aingie nchi hii tumbo limemkataa. Kila anachokula kinarudi. Wiki nzima anakunywa maji ya chumvi tu. Anasema huu wali ndio kitu cha kwanza kilichoshuka kikakaa. Anauliza ni nani aliyeupika."

Mama Ounheuan alimkagua yule mtu upya. Kofia ya kijinga. Shingo nyembamba. Suruali imefungwa kwa kamba. Bila shaka alipata maradhi hayo kwa kula vya watu kama Vilayphone, na alistahili.

"Muulize bado ana njaa?"

"Mama?"

"Nimesema Kilao au nimesema Kichina? Muulize!"

Sisouk akauliza. Mzungu akamtazama Mama Ounheuan kwa hofu, kama anayepimwa, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Basi akae. Si hapo, hapo ni pa mteja. Hapa." Alisukuma kigoda chake mwenyewe kwa mguu. "Na avue hiyo kofia, anaonekana kama ametoroka shambani."

Mzungu alivua kofia, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Mama Ounheuan alikinyanyua kitambaa chake kutoka begani kwa yule mtu, akakikung'uta, akakitandika juu ya meza na kukiweka kikapu juu yake. Akamwekea chachandu kwenye jani. Akakata kitonge yeye mwenyewe, akakiminya, akakichovya, akamtia mkononi.

"Mkono wa kulia, mjinga wewe. Wa kulia! Sisouk, hajui hata mikono yake?"

Mzungu akala. Pilipili ikamtoa machozi, akafuta, akaendelea. Alikula kikweli, bila kutazama simu, bila kusema lolote, anamega mwenyewe sasa, vidole vimekuwa vya zambarau, na kila tonge likishuka alikuwa akifumba macho kidogo. Soko lilikuwa limeacha shughuli zake kumtazama. Kengele ya hekalu ikalia kwamba watawa wameketi. Nang Keota akamgusa bega mwenzake: "Dada, Sathu anakungoja."

"Angoje."

Mama Ounheuan alichukua chupa yake ya maji ya kunywa. Alichutama kando ya mguu wa meza, palipokuwa na maganda ya vitunguu na maji ya vyura wa jirani yake, akaanza kumimina, kidogo kidogo, kama inavyotakiwa. Alimwinulia macho mara moja tu yule mtu, kinywa kimejaa, mashavu yamelowa machozi ya pilipili.

"Khamphet," alisema, "mdomo mzuri sikuupata. Umepatikana huu. Kula."